Matingatinga Mawili

Neno tingatinga lina maana mbili katika Kiswahili, na maana hizo hazipatani. Ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe, ni ardhi ya matope na maji, pahala ambapo mguu ukikanyaga, chini hutikisika na kuzama. Ya pili ni ule mtambo wa chuma uendao ukisukuma udongo na kusawazisha kila kilicho mbele yake. Wanaolitamka neno hili kwa maana ya kwanza wanazidi kupungua, na vijana waliokulia mjini aghalabu hawalijui ila kwa maana ya pili. Maneno huhama maana kila zama, na mpenzi wa lugha hana sababu ya kulia kwa hilo. Lakini hapa pana jambo zaidi ya mwendo wa kawaida wa lugha. Mtambo umelimeza bwawa katika vinywa vya watu kama unavyolimeza katika mji wenyewe, na sheria iliyowekwa isimame baina ya matingatinga haya mawili imekaa pembeni ikitazama.

Yafaa isemwe tangu mwanzo, ili pasiwe na kuzungukana: mabonde na mabwawa ya miji ya pwani hayaangamii kwa kukosa sheria. Sheria zipo, na nyingine zimeandikwa kwa maneno mazuri. Yanaangamia kwa kuwa sheria hizo zinambana mnyonge na kumwachia mkubwa njia ya kupita, na kwa kuwa zimempa mtawala hiari pale zilipopaswa kumpa amri. Hifadhi ya namna hiyo ni jina tu.

Mji wa Unguja ni shahidi wa kwanza. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulikuwa karibu ni kisiwa ndani ya kisiwa. Mkono wa bahari uliingia kwa nyuma yake, ukafurika maji yajaapo na kubaki tope yakupwapo. Waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa Ng'ambo kwa sababu ya kweli, kwani walikuwa ng'ambo ya maji. Palipokuwa na daraja la kuvukia pakaitwa Darajani. Kisha mkono huo ukajazwa, kipande baada ya kipande, mpaka kufikia katikati ya karne ya 20 ukawa haupo tena. Leo juu yake pana barabara, majengo na viwanja. Daraja halipo, jina lipo. Ng'ambo ipo, maji ya kuvuka hayapo.

Waliojaza walikuwa na hoja zao: mbu, homa, uvundo wa maji machafu, haja ya nafasi. Hoja hizo hazikuwa za uongo, na hakuna haja ya kuwasingizia wafu ujinga. Lililokosekana ni swali moja, nalo ni hili: maji yaliyokuwa yakija hapa sasa yataenda wapi? Mvua ya masika haikupunguzwa kwa amri ya serikali ya kikoloni, wala mteremko wa ardhi kutoka vitongojini kuja pwani haukugeuzwa. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga, na mkondo ukizibwa maji hujitafutia mwingine, ambao mara nyingi hupita uani kwa mtu. Mitaa ya chini ya Ng'ambo inayafahamu hayo kila masika. Katika miaka ya 2010, kwa fedha za mkopo kutoka Benki ya Dunia, mji ulijengewa mitaro mikubwa ya kuyapeleka maji ya mvua baharini. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na haifai kubezwa. Lakini na ihesabiwe kwa jina lake: kizazi kimoja kilijaza bure, kizazi cha pili kinakopa ili kuchimba.

Ni vyema kukumbusha bonde hufanya kazi gani, kwani adui zake hulitaja kama pahala pasipofanya kazi yoyote. Mvua kubwa ishukapo, bonde huyapokea maji, huyatandaza, huyapunguza mbio na kuyaacha yazame kidogo kidogo. Majani na matete huzuia udongo na taka. Mizizi na viumbe visivyoonekana kwa jicho hula uchafu ulioyeyuka. Mikoko iliyo mlangoni mwa mto huvunja nguvu ya mawimbi na kuwapa vifaranga vya samaki na kamba pa kukulia. Visima vya jirani hupata maji kwa kuwa bonde limeyanywa kwanza. Kazi hizi hufanywa usiku na mchana bila mshahara, bila mafuta na bila vipuri. Bonde linapofukiwa kazi hizo hubaki palepale zikihitaji mtendaji, na mtendaji mpya hulipwa.

Kwa kuwa Unguja imekwisha kuujaza mkono wake wa bahari, anayetaka kuiona vita hii ikipiganwa mbele ya macho yake hana budi kuvuka mpaka Dar es Salaam, lilipo bonde la Msimbazi. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya jiji na kuingia baharini penye mikoko karibu na Daraja la Selander. Kabla ya kufika huko hutandaa katika uwanda mpana wa Jangwani, baina ya katikati ya jiji na Magomeni. Jina lenyewe ni mzaha wa historia, kwani pahala penye maji kuliko pote mjini ndipo palipoitwa Jangwani. Aliyesoma jina hilo bila kusubiri masika angeweza kudhani kwamba ni patupu, panapongoja tu kujengwa.

Sheria zinazolihusu bonde hilo hazina uchache. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 7, inataja ardhi ya hatari, na ndani yake imeyaweka maeneo ya mikoko, ardhioevu na ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 hizohizo. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, mkataba uliotiwa saini Iran tarehe 2 Februari 1971 kwa ajili ya kulinda ardhioevu. Mtu akiyasoma hayo bila kutoka nje ya nyumba yake, ataamini kwamba Msimbazi limelindwa mara tatu.

Lakini wapenzi wa tungo wamezoea kupima neno moja moja, na sheria nazo zastahili kusomwa hivyo. Katika ile Sheria ya Ardhi, eneo huwa ardhi ya hatari kisheria pale Waziri anapolitangaza, na kitenzi kilichotumika ni anaweza. Waziri anaweza kutangaza. Maana yake anaweza pia asitangaze, wala hakuna atakayemshika. Mkulima, mvuvi au mpangaji wa chumba kimoja hakuandikiwa anaweza. Yeye ameandikiwa haruhusiwi. Hiari imewekwa juu, na amri imewekwa chini. Mshairi akikosea mizani, hadhira humzomea. Sheria ikikosa mizani namna hii, hupigiwa makofi bungeni.

Kisha zipo zile mita 60. Zinapimwa kutoka wapi? Mto una ukingo, angalau wakati wa kiangazi, lakini bonde la maji halina ukingo. Linapanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu apumuaye. Uwanda wa Jangwani, maji yanapotandaa, una upana wa mamia ya mita. Mwenye kusimama mita 61 kutoka kwenye kijito cha Agosti amesimama katikati ya ziwa la Aprili, na karatasi yake ni halali kabisa. Kipimo hicho kiliwekwa na mtu aliyemfikiria mto kama mfereji. Kwa bonde, mpaka wa haki ni mmoja tu: pale maji yanapofika katika mvua kubwa, na si pale yanapolala katika jua kali.

Matokeo yake yanajulikana. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na waliookoka mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Mwezi Desemba 2015 na Januari 2016 serikali ilirudi bondeni na matingatinga ya chuma. Nyumba zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mamia yakabomolewa kwa hoja ya kuilinda ardhioevu. Wakazi walisema waliishi hapo miaka mingi, wengine wakiwa wameunganishiwa umeme na kulipa kodi ya jengo. Wakauliza swali lisilo na jibu la heshima: iweje serikali iijue nyumba siku ya kutoza kodi, isiijue siku ya kubomoa?

Miezi michache tu baadaye, Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalianza safari zake jijini. Karakana na maegesho yake makuu yalikuwa yamejengwa wapi? Jangwani, katika uwanda uleule wa mafuriko. Haikuwa siri, kwani kila aliyepita Barabara ya Morogoro aliiona. Hapakuwa na X katika ukuta wake. Mvua zilipokuja maji hayakutofautisha baina ya kibanda na karakana. Katika mafuriko ya Aprili 2018, kama ilivyokuwa katika misimu mingine, yaliingia ndani, mabasi yakakumbwa nayo, barabara ikafungwa na abiria wa jiji zima wakakosa usafiri. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza na kuliokoa bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi za mradi huo ni kuihamisha karakana hiyohiyo. Basi, umma ulilipia kuijenga pasipostahili, ukalipia hasara za maji, na utalipa deni la kuihamisha. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa gharama ya sheria isiyomfunga aliyeitunga.

Watetezi wa ujenzi watasema, na wamekuwa wakisema, kwamba miji inakua, watu wanahitaji nyumba, na kwamba kulilia matete na vyura ni anasa ya walioshiba. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na ndiyo maana inapendwa. Watu wanahitaji nyumba kweli. Lakini na watazamwe waliojenga mabondeni. Maskini alikwenda huko kwa kuwa mpango wa mji haukumwekea kiwanja anachoweza kukinunua pengine popote. Tajiri alikwenda huko kwa kuwa ardhi ya bonde, ikishajazwa kifusi, hugeuka kiwanja cha bei kubwa karibu na katikati ya mji. Kifusi cha tajiri ndicho kinachoyainua maji na kuyasukuma katika chumba cha maskini. Anayetumia shida ya wa kwanza kutetea faida ya wa pili hasemi kwa niaba ya wasio na nyumba. Na nyumba inayoingiwa na maji kila mwaka haijampa mtu makazi. Imempa deni lenye paa.

Wengine watasema kwamba uhandisi una dawa: mfereji wa zege, pampu, ukuta. Hapana anayekataa uhandisi. Lakini mfereji huyapokea maji ya kiwango kilichokadiriwa siku ya kuuchora, na mvua za siku hizi hazisomi michoro. Mfereji ukizibwa na taka hufurika. Pampu ikikosa umeme hunyamaza. Tena mfereji huyapeleka maji haraka baharini pamoja na uchafu wake wote, ukiyanyima visima na kuulisha ufukwe kinyesi. Kisiwa kinachokunywa maji ya chini ya ardhi na kuishi kwa uvuvi na wageni wa fukweni kina sababu mbili za kuogopa hesabu hiyo.

Je, kwingineko wamefanyaje? Uganda iliandika vizuri zaidi. Katiba yake ya mwaka 1995, ibara ya 237, inaitaka serikali iyashike maziwa, mito na ardhioevu kwa amana ya wananchi na iyalinde. Hapo hapana anaweza, pana amri, na amana ni neno ambalo kila mtu wa pwani aliyesoma chuoni anajua uzito wake. Hata hivyo bonde la Nakivubo, linalopokea maji machafu ya Kampala kabla hayajaingia katika ghuba ya Ziwa Victoria ambamo jiji huchota maji yake ya kunywa, limeliwa na mashamba, viwanda na nyumba. Na Juni 2024 wakazi wa bonde la Lubigi walibomolewa nyumba zao. Amana iliandikwa katika Katiba, lakini ujenzi uliendelea mbele ya macho ya wenye kuishika, mpaka siku ya mtambo. Funzo la Kampala ni kwamba kitenzi kizuri bila mpaka uliochorwa na kuheshimiwa huishia kumwadhibu aliyekuja mwisho.

Kolkata, nchini India, ilianza na ramani. Mashariki ya jiji hilo kuna mabwawa yanayopokea maji machafu ya mji. Jua na mwani huyasafisha, samaki hufugwa humo, na mboga hulimwa kandokando. Mtaalamu Dhrubajyoti Ghosh aliyachunguza na kuyachora. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya huko ilizuia yasigeuzwe kuwa viwanja, mwaka 2002 eneo la hekta 12,500 likaingizwa katika orodha ya Ramsar, na mwaka 2006 likatungiwa sheria yake peke yake. Uvamizi haukukoma, na wenyeji wanalalamika hadi leo. Lakini bonde bado lipo na samaki wake wangali sokoni, kwa kuwa mlalamikaji anayo ramani ya kuweka mbele ya hakimu. Maeneo manne ya Tanzania yaliyomo katika orodha hiyo ya Ramsar, yaani Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa, yote yako mbali na miji mikubwa. Hakuna hata moja Unguja wala Pemba. Heshima imepewa maji ya mbali, na maji ya mlangoni yameachiwa malori ya kifusi.

Zanzibar haina kisingizio cha kungoja Dodoma. Mazingira na ardhi si mambo ya Muungano. Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya mazingira mwaka 1996, na likaitunga upya mwaka 2015. Linaweza kuirudia tena, na safari hii lichague vitenzi vyake kwa uangalifu. Mabwawa na mabonde ya Mjini Magharibi yaliyobaki yatajwe kwa majina ndani ya jedwali la sheria yenyewe, pamoja na ramani, yasingoje tangazo la mtu. Mpaka wa kila bonde uwe pale maji yalipofika katika mvua kubwa zinazokumbukwa. Ramani ibandikwe katika ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, ili mnunuzi wa kiwanja aione kabla hajatoa fedha zake. Kibali au hati yoyote ndani ya mpaka huo iwe batili tangu siku ya kutiwa saini, iwe ya mtu, ya kampuni au ya idara ya serikali, na aliyetia saini awajibike yeye mwenyewe. Na waliokwisha kuishi humo wapewe kwanza makazi mengine karibu na riziki zao, ndipo waambiwe wahame. Atakayepinga sharti hili la mwisho ajue kwamba analitaka bonde kwa ajili ya kitu kingine.

Ramani hiyo haitachorwa na wapimaji peke yao. Pahala paitwapo Ziwani palipata jina kabla ya barabara. Kule Dar es Salaam, Bonde la Mpunga la Msasani linajulisha kwa jina lake kwamba hapo palilimwa mpunga, na mpunga kwa kawaida hupenda maji. Mtoni, Darajani na mitaa mingine isiyojulikana nje ya shehia zake ni hati za zamani kuliko hati zilizomo katika makabati ya ofisi za ardhi. Wazee wanajua maji yalifika mlango wa nani katika masika ya mwaka gani. Kazi ya kuyakusanya majina hayo na kumbukumbu hizo ni ya watu wa lugha: washairi, walimu, wakusanyaji wa mapokezi ya kale. Wasomaji wa kurasa kama hizi ndio walio karibu nayo kuliko mwanasheria yeyote. Ifanywe sasa, mtaa kwa mtaa, iandikwe tarehe na mahali, kisha ipelekwe Barazani ikiwa ushahidi, kabla wale wanaolijua tingatinga la maji hawajaondoka wakaachwa wanaolijua tingatinga la chuma peke yake.